Mistari ya Mkaa

Ukutani mwa tembe, kando ya kibuyu cha mgando,
shangazi Mbeho alichora mistari kwa mkaa
tangu fahali wa Chilongola alipovunja boma letu.
Miezi tisa na siku zake. Kusoma hajui;
mistari haijamdanganya.

Miwili ya mwisho alikataa kukamua.
"Kiwele nacho hupumzika."
Tukanywa chai ya rangi, tukanuna.

Jana usiku Kigwe nzima ilikuwa vumbi na upepo.
Mabaka alilala, akainuka, akalala tena.
Chupa ya maji ikapasuka. Kwato mbili,
na juu yake pua, ulimi nje, wa zambarau.
"Usivute! Ngoja asukume, ndipo nawe uvute."
Nikavuta. Nikaanguka chali, ndama mapajani.

Mama yake akamlamba mpaka manyoya yakasimama.
Kabla ya jogoo, kwa miguu ya kigoda kibovu,
akaitafuta chuchu, akanyonya goti, 
akakosea tena, akaipata.

Asubuhi Mama Nyemo kaja na kikombe.
Dang'a nzito, njano kama kiini cha yai.
"Hii ya mwenyewe," shangazi akamwambia,
"ndiyo chanjo yake. Njoo Jumapili."

Kondo lilitoka saa tatu; tukalifukia, mbwa wasilione.
Lita mbili kwa siku, tatu mvua ikikubali.
Na ni mtamba!

Shangazi akaufuta ukuta kwa kiganja,
akaishia katikati.
Mistari ya mwaka wa njaa ameiacha,
ile iliyokatika kwenye mwezi wa saba.