Kushoto kwa Lugodisha

Igoma, saa tano usiku. Nimechomeka spika.
Kila pigo nimelipatia nukta yake, mkia wake,
kompyuta ikacheza: ta-ta-ta-ta,
mvua juu ya bati, isiyo na upepo.

Siye huyu.

Miaka kumi na tisa Lugodisha alipiga ngoma ya waya
mbele ya bendi ya skauti, Nyamagana hadi Kirumba,
na mkono wa kushoto ulichelewa kidogo:
kiwandani, kisu cha minofu ya sangara
kilimkata mshipa wa kidole gumba.

Basi nafungua upya. Kulia, nguvu tisini na sita.
Kushoto, sabini na moja. Nausogeza nyuma
unywele tu; gridi inanikatalia. Naizima gridi.
Kile kipigo kinachodokoa kabla ya pigo kubwa
nakipa arobaini, kama mtu anayebisha
mlango anaojua uko wazi.
Mapigo ya mfululizo nayaacha yachoke katikati,
kama alivyochoka yeye kupanda Bugando.

Nabonyeza.

Uani Nkwimba, mjane wake, anafunga bomba,
anasikiliza mpaka mwisho, ndoo nusu.

"Hapo pa kugeuka," anasema,
"alikuwa anavuta kamasi."

Naandika pumziko. Fupi.