Meza ya Thelathini na Saba

Mimi sichezi briji. Mimi hubeba meza.
Mwaka wa kumi na nne huu, kila Julai, hapa Pärnu,
nazishusha kwenye lori la Uku, zimekunja miguu kama panzi,
nazipanga chini ya magoli ya mpira wa kikapu
ambayo hakuna aliyekumbuka kuyapandisha.

Mwenye shughuli ni Helve, mke wangu.
Tangu Agosti jikoni kwetu hapana pa kuweka sahani:
orodha, risiti za ukumbi,
barua kwa Walatvia wanaotaka hoteli yenye lifti,
barua kwa bwana mmoja wa Tartu
asiyetaka kukutana na mtalaka wake
"si kabla ya chai, si baada."
Usiku alihesabu usingizini.
"Jozi sabini na nne," akinong'ona, "meza thelathini na saba,"
nami nikimfunika miguu.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Aliyesema hivyo hakupata kupokea wacheza karata
mia moja arobaini na saba.
Mia moja arobaini na sita, sawa.
Huyo mmoja ndiye kazi.

Alikuja saa nne kasoro robo,
kijana wa miaka kumi na mitano, Joosep,
ndani ya koti la babu yake, mikono imemeza vidole.
Babu ameamka shavu limevimba. Jino.
Helve akatazama orodha, akatazama saa,
akanitazama mimi.
"Usinitazame," nikasema.
Akavua beji ya mwandalizi, akanitundikia shingoni,
akaenda kukaa Kusini.

Ukumbi ukanyamaza.
Zikabaki kadi tu, tap, tap,
kuku wanadonoa mtama.
Nikaulizwa choo kiko wapi, kwa Kirusi.
Nikaulizwa nani amezima feni.
Nikamwita mwamuzi meza ya tisa
ambako mama mmoja alikuwa ameinua nyusi,
na nyusi, kumbe, katika mchezo huu ni lugha.

Kisha nikafika kwao.
Joosep ametangaza kopa nne.
Helve akaziweka kadi zake zote mezani,
uso juu, safu nne, turufu kuliani kwake.
"Asante, mwenzangu," kijana akasema, sauti ikimpasukia.
Na kuanzia hapo, ndiyo sheria, mke wangu ni bubu.
Asishauri. Asikunje uso. Asikohoe kwa maana.
Kadi zake, akili ya mwingine.
"Ndogo," anaambiwa, anatoa ndogo.
"Ree," anatoa ree.

Miaka thelathini na minane ya ndoa
nimemjua mwanamke anayefunga mizigo
tukiwa bado tunabishana kama safari ipo.
Sasa ameketi. Mabega yameshuka.
Chini ya meza amevua kiatu kimoja,
kidole gumba kinacheza peke yake ndani ya soksi.
Nilisimama na birika la kahawa hadi likanichoma.

Malkia wa shupaza alikuwa na pa kujificha pawili.
Joosep akatafuna ukingo wa koti,
akafikiri, akatafuna tena,
akamfuata upande usio wake.
Wakapungukiwa pigo moja.
"Hata mimi ningepita huko huko," Helve akamwambia.
Garini aliniambia: "Nisingepita."

Walikuwa wa sitini na moja.
Babu alikuja jioni, shavu kama andazi,
akadai kuelezwa kila kadi, naye kijana akamweleza,
hata zile za aibu, hasa zile.

Saa tano usiku, dirishani bado kweupe.
Tunahesabu kadi kurudisha visandukuni.
Kimoja kina hamsini na moja.
Helve anapiga magoti, kiatu bado kimoja,
anatambaa kati ya miguu ya meza
akimtafuta pau saba.
"Mwakani," inatoka sauti kule chini,
"nikumbushe magoli."
Beji iko shingoni kwangu.
Hajaiuliza.