Bizimu la Tõnis

Toleo la kwanza lilikuwa zuri.
Nasema hivyo kwa kuwa mimi ndiye niliyelivaa:
Novemba ile nilishuka Karlova hadi mtoni,
barafu nyeusi kama kioo cha usiku,
misumari minane ikiuma chini ya kila soli,
nikarudi na mayai kumi, yote mazima.

Tõnis alipiga magoti, akanivua kiatu,
akalitazama bizimu.
"Linakwaruza," akasema. "Bado."

Bado. Herufi nne tu,
na limetafuna majira matano ya baridi.

Mwaka wa pili alibadili mpira.
Wa tatu, misumari ikawa kumi na miwili,
kisha akairudisha minane.
Wa nne alifanya nini, sikumbuki.
Nakumbuka Aprili, mto ukipasuka kwa kishindo,
mapande ya barafu yakisukumana kwenda zake,
naye yuko kwenye jiliwa, tupa mkononi,
hata kichwa hakuinua.

Haraka haina baraka, husema wenye muda.
Barafu haijui methali.
Huja bila miadi, hukaa miezi yake,
huondoka na pesa yetu mfukoni.

Kisha Bibi Õie wa ghorofa ya pili
akateleza kwenye ngazi zetu wenyewe,
hatua tisa kutoka karakana
ambamo jozi thelathini na nane
zilining'inia ukutani kama samaki wa kukaushwa,
zikingoja bizimu la saba.

Nyonga.
Aliporudi kutoka hospitali hakuuliza kitu.
Alisimama na magongo yake uani,
akalitazama dirisha letu, akapita.

Jumamosi sikumwamsha Tõnis.
Nilizipakia zote kwenye kigari cha kuni,
zenye bizimu la tatu, zenye bizimu la tano,
moja ya kushoto imeshonwa kwa uzi mwekundu
kwa sababu mweusi uliniishia,
nikaandika bei kwa mkaa juu ya boksi.

Hakuna aliyeuliza habari za bizimu.
Waliuliza: "Zinaingia kiatu cha arobaini na sita?"
Waliuliza: "Mbwa wangu je?"
Swali la mbwa lilinichekesha,
lile la arobaini na sita likanitoa jasho.
Miaka mitano tulipima kwa mguu wangu mmoja.

Hadi adhuhuri nilibaki na jozi saba.

Tõnis hakusema nami siku tatu.
Alikunywa chai akiuangalia ukuta mtupu
kama mtu aliyeibiwa na mkewe,
na kweli, niliiba.

Jumatano akaja Maimu, tarishi,
bizimu lililovunjika kwenye kiganja.
Moyo ukanishuka hadi kwenye soksi.
"Limekatika mtaa wa Tähe," akasema,
"barua mia mbili bado begani.
Nikafunga kwa kamba ya kiatu. Tazama:
chini, juu, nyuma ya kisigino, vuta.
Hata glavu sivui."

Glavu.
Tõnis alikuwa amelijaribu bizimu mara elfu
kwa vidole vitupu, kando ya jiko la kuni.

Aliichukua ile kamba.
Chini, juu, kisigino, vuta.
Akafungua. Akafunga tena, macho kafumba.
Kisha akaniuliza jambo ambalo
hakuwahi kuliuliza tangu nimjue:
"Leo tarehe ngapi?"

Ishirini na mbili.
Tulilala saa nane usiku, wiki nzima,
vidole vikinuka mpira,
na jozi ya kwanza ya kamba hatukuiuza,
tuliitundika kwenye kitasa cha ghorofa ya pili.

Bizimu la saba lipo.
Ni zuri kweli, la shaba,
linashikilia pazia la jikoni.
Asubuhi nikilivuta
linakwaruza kidogo.
Simwambii.