Korosho Juu ya Mteremko

Saa tano usiku nimempigia kaka yangu Nalinga,
mimi hotelini, kwenye baridi ya ugenini,
yeye Tandahimba, anafukuza mbu.
Kesho mataifa arobaini na mawili
yananisubiri niyasomee ripoti.
Ukurasa wa tisa una shule yetu:
mteremko wa saruji, mpana, mpya,
pembeni kibao chenye nembo za wafadhili.
"Upo kweli?" namuuliza.
"Upo. Tunaanikia korosho."

Nikacheka. Kisha kicheko kikanikwama.

Nalinga hakuandikishwa shule.
Mwalimu mkuu alimtazama miguu, akafunga daftari,
akamwambia mama, kama anayerudisha chenji:
huyu mwacheni apumzike.
Alikuwa na miaka saba.
Amechoshwa na nini?

Nikaenda mimi.
Jioni narudi na herufi moja,
naichora kwa mkaa sakafuni,
naye anaifuta kwa goti ili nilete nyingine.
Tulipofika M nikamwambia ni ya mama, ya maji, ya mlango.
"Ya mlango iache," akasema.

Leo yeye ni karani wa mizani chama cha msingi,
na hakuna mkulima aliyepunjwa hata robo kilo.
Mimi ni mwenyekiti.
Siku tatu nimepigana
neno "wote" lisifuatwe na "kadiri iwezekanavyo."
Nimeshinda kwa kura nne.
Wajumbe wamenipa mkono, wengine vidole tu.

"Na Somoe? Yule wa Bi Esha Nambenga, asiyesikia?"
Kimya. Nasikia akijipiga kofi la mbu.
"Yuko uani, anachambua korosho.
Alikwenda wiki mbili. Alikuwa anaangalia midomo
mpaka mwalimu anapogeukia ubao.
Miguu anayo, dada, tena mbio.
Anatafuta mwalimu wa mikono.
Mteremko hauna mikono."

Salio likakatika, lake au langu, sijui.

Nimewasha taa.
Picha nimeiacha ilipo. Chini yake,
kwa kalamu ya hoteli, wino wa kusitasita, nimeandika:
*Miteremko iliyojengwa: mmoja.
Waliopanda hadi sasa: korosho, gunia sita.*

Asubuhi mkalimani atanifuata kwa haya,
karatasi mkononi, kidole juu ya mstari:
Samahani, mwenyekiti, hapa pamekosewa?
Nitamwambia asome hivyo hivyo,
polepole,
na asiwasaidie kuelewa.