Risiti Namba 118

Kitabu cha risiti nimekifunga kwa mpira wa baiskeli,
kalamu inaning'inia kwa uzi, mhuri uko kifuani ndani ya nguo
maana kule Kadutu vidole vina macho.
Kamati ya Uhai ya parokia yetu, mweka hazina: mimi,
Ntakwinja, mjane wa fundi saa,
mwenye goti moja linalotabiri mvua.

Nimepanda ngazi za Nguba hadi ofisi yenye jenereta.
Kijana wa watu akanipa kiti, akanipa maji ya chupa,
akasoma barua yetu mpaka pale palipoandikwa "Mungu",
akaikunja taratibu kama mtu anayefunika chungu cha jirani.
"Mama, fedha zetu hazina dini."
Nikamjibu: hata zangu hazina, mwanangu,
zina harufu ya sambaza.
Tulicheka wote wawili. Hakutoa kitu.
Maji niliyamaliza, yalikuwa baridi.

Sokoni walitoa. Sokoni hawasomi barua.
Nabintu wa chumvi: franka mia tano.
Muuza sombe: mia mbili, na fungu moja juu.
Wabeba mizigo wawili, migongo bado inavuja jasho,
wakachanga elfu moja, wakataka risiti moja
yenye majina yote mawili.
Nikaandika. Mhuri nikaupulizia pumzi.

Daktari Zihalirwa alinisimamisha Nyawera, kwenye vumbi.
"Dada, ninyi mnahesabu wanaozaliwa.
Mimi nahesabu wanaoletwa usiku juu ya ubao wa mlango,
wasichana waliokunywa mizizi wasiyoijua jina,
na hakuna hata mmoja aliyewahi kuisikia kamati yenu.
Mchana mlikuwa wapi?"
Akaniwekea dolari tano mkononi.
Risiti akaikataa.

Mchana tulikuwa kikaoni.
Tulikuwa tunapiga kura: dolari arobaini,
bango la maandamano, herufi nyekundu,
MTOTO NI ZAWADI.
Sita za maziwa.
Nami nilinyoosha mkono. Huu huu.

Jumanne usiku mlango ukagongwa.
Nsimire. Yule wa Desemba,
niliyemshika mabega nyuma ya kanisa nikamwambia,
"Usiitoe. Mungu atatoa."
Kitenzi ni kile kile.
Nilikitumia mara mbili kwa pumzi moja, sikujisikia.

Yeye alisikia. Amesimama, mtoto kafungwa kifuani,
maziwa yamemkauka tangu ile homa,
umeme umekatika, namwona kwa mwanga wa simu yake.
Hakulia. Alisema tu,
"Mama, nimekuja kuuliza kama ameshatoa."

Nilikaa kitandani. Goti likauma, na mvua haikuwapo.
Nikalivuta sanduku.

Asubuhi nilipita kwa mchora mabango, nikamsalimia,
nikaendelea hadi duka la dawa.
Risiti namba 118:
Bango. Makopo manne.
Mhuri.

Jumamosi kwaya imevaa sare, watoto wamepangwa kwa kimo,
Padri akauliza, "Bango liko wapi?"
Nikamfungulia kitabu.
Akasoma mara mbili, midomo ikitembea.
"Hii si kanuni, Mama."
Si kanuni, Padri.
Tukaandamana mikono mitupu toka parokiani hadi barabara kubwa,
na vijana wa pikipiki wakauliza ni nani amekufa.

Makopo manne ni mwezi mmoja, mtoto akiwa na adabu.
Hana adabu. Ana mashavu.
Leo ni wiki ya tatu, niko tena kwenye ngazi za Nguba,
barua mpya mkononi. Mungu sikumfuta,
nimemshusha tu hadi mstari wa tano,
chini ya bei ya maziwa.
Swali la Daktari bado ninalo,
nalibeba pale pale pa mhuri, na linachoma.