Na Kadhalika

Wete, mwezi wa pili wa kutembea na faili.
Ndani yake barua moja, nakala tisa,
na picha ya rola la mvuke lililolala nyuma ya karakana
tangu enzi za barabara ya vumbi:
kuku wametagia tanurini,
mpapai umeota penye kiti cha dereva.
Sisi twamwita Kishindo.
Barua inamwita "chombo tajwa hapo juu".

Tumo saba, halipwi mtu.
Sharwani mchomeaji kabadilisha mabomba kumi na mawili ya boila,
la kumi na tatu kalinunua kwa ada ya mwanawe
na mpaka leo mkewe hajui.
Mwalimu Asaa ana kitabu cha mashine kisicho jalada,
akifika ukurasa ulioliwa na mchwa hukisia.
Time Faki ndiye mwenye mkono mwembamba,
huuingiza kwenye bomba la moshi hadi kwapani,
akautoa mweusi, akacheka.
Mimi katibu, kwa kuwa hati yangu inasomeka.

Twataka alasiri moja tu.
Idi pili, kiwanja cha skuli:
tumwashe, apige honi, asogee,
watoto waone maji ya kisima
yanavyobeba tani nane.

Sheha alisaini bila kusoma,
akauliza kama kutakuwa na biriani.

Baraza la Mji:
Ni gari? Lina namba?
Halina.
Basi si gari. Ni jiko?
Lina magurudumu.
Basi si jiko. Nenda Zimamoto.

Zimamoto, kijana mpole, viatu vyang'aa,
akavuta droo, akapekua.
"Fomu niliyonayo ni ya moto uliotokea.
Huu wenu haujatokea."
Tusubiri utokee?
"Sikusema hivyo, mama."

Bima wakataka mwaka wa kutengenezwa.
Kibati kimeliwa na kutu,
imebaki moja, na tisa,
na kitu ambacho Asaa aapa ni mbili
na Sharwani aapa ni kinyesi cha mjusi.

Mazingira: moshi kiasi gani?
Nikamwonyesha dirishani.
Ng'ambo ya njia mama mmoja alichoma makumbi,
wingu lake limeshafika msikitini.
"Yule hajaandika barua," akanijibu.

Nikakaa kwenye benchi la ukumbini.
Kumbe kosa letu ni hilo, kuomba.
Asiyebisha hodi hafungiwi mlango.

Nilirudi, nikarudi. Leo mhusika yuko Unguja.
Leo yupo, muhuri umefungiwa.
Leo muhuri upo, wino umekauka;
nikatema mate, wallahi, nikatema mate
kwenye kile kisahani cha wino,
na karani akatazama pembeni kwa heshima.

Ni yeye huyo karani, Bi Mize wa dirisha la nne,
aliyenivutia fomu ya njano:
*Aina ya shughuli (weka alama):
harusi, maulidi, mkutano, ngoma, na kadhalika.*
Akanitazama. Nikamtazama.
Kalamu yake ikashuka pole pole hadi mwisho wa mstari.
Ko! Muhuri.

Idi pili tuliwasha kabla ya alfajiri,
maana boila baridi nayo ina ofisi zake.
Saa kumi jioni Kishindo akapiga honi,
mbuzi wakakata kamba hadi Jadida.
Akasogea hatua arubaini na moja, Asaa alihesabu,
akapumua, akazima.
"Ndo basi?" akauliza mtoto mmoja.
Ndo basi.

Yule kijana wa Zimamoto alikuja na kanzu, binti begani.
"Kibali mnacho?"
Nikampa, kina alama ya dole la Time, nyeusi.
Akasoma, akageuza nyuma, akasoma weupe.
Binti kashashuka, keshashika gurudumu,
nguo ya Idi imeharibika.

Faili nimelirudisha juu ya kabati.
Bi Mize kaniambia mwakani inakuja fomu mpya.
Ile na kadhalika wameiondoa.