Kamera ya Shimo la Kumi na Nne

Tangu saa kumi na mbili asubuhi niko juu ya jukwaa la mabomba,
pwani ya Fife, mita tisa juu ya nyasi,
na upepo wa Bahari ya Kaskazini unanipekua mifuko
kama askari asiyeamini kitambulisho.

Sikioni mwangu anakaa Gillespie, mwongozaji.
Yeye yumo ndani ya lori, karibu na hita,
na chai yake haipoi.
Hana salamu. Ana jina moja tu:
Nipe Rask. Rask yuko wapi? Usimwache Rask.

Basi nampa.
Rask anafungua kamba ya kiatu.
Rask anaifunga.
Rask anamenya ndizi, nami navuta lenzi
mpaka taifa zima linahesabu nyuzi za ganda.
Akipiga chafya, mtangazaji hunyamaza kwa heshima,
kisha hutukumbusha chafya ya mwaka juzi,
ile ya wiki aliyobeba kombe la tatu mfululizo.

Simchukii. Nani angemchukia?
Miaka sita ameupiga mpira kama anayeurudisha mahali pake.
Lakini leo hayumo. Najua mimi
niliyemtazama kuliko anavyotazamwa na mkewe:
bega la kushoto linawahi, kiganja kinachelewa,
na hapa, shimo la kumi na nne,
mpira wake umezama katika vichaka vya miiba
na watu mia nne wameinama kumsaidia kuutafuta,
kimya, kama ukoo uliodondosha pete ya mirathi.

Anayecheza naye anaitwa Mungo Petrie,
wa Arbroath, miaka arobaini na moja.
Msimu wa baridi huendesha gari la mikate.
Fimbo zake anabeba dada yake, Effie,
aliyechukua likizo isiyo na malipo.
Kupangwa na Rask ni kupangwa na jua:
mchana kutwa uko naye, na hakuna anayekuona.

Waamuzi walimwambia asisubiri.
Akasimama mita mia mbili na ishirini toka kwenye bendera,
upepo ukimjia usoni,
akashusha pumzi, akapiga.

Jicho langu la kulia lilikuwa kazini, kwa Rask.
La kushoto halina mwajiri.
Hilo ndilo lililouona mpira ukienda chini, chini mno,
ukagusa mgongo wa kilima, ukapunguza haraka,
ukazunguka mdomo wa shimo mara moja
kama mgeni anayebisha hodi,
ukaingia.

Mikwaju miwili, katika shimo la mitano.
Nikasema, Gillespie, Petrie ameingiza.
Akasema, Nani?
Akasema, Mpira wa Rask umepatikana?

Migongo mia nne.
Aliyeinua kichwa ni Rask peke yake.
Uso wake ulijaa fremu yangu, na haukuwa na wivu.
Ulikuwa uso wa mtoto mwenye homa, dirishani,
anayewaona wenzake wakicheza mvuani.
Akavua kofia, akaishika kifuani,
akitazama mahali ambapo sikupaonyesha.

Mtangazaji akalainisha sauti:
Tazameni. Hata katika shida anawashukuru mashabiki.

Husemwa kizuri chajiuza.
Labda. Lakini soko lina mlango, na mlango una Gillespie,
na Gillespie ana mimi.

Jioni, nikikunja nyaya, Effie alikuja chini ya jukwaa,
begi bado begani.
Baba yao hatoki tena kitandani, alisema.
Alikuwa mbele ya televisheni tangu alfajiri.
Mliionyesha?

Nilishuka ngazi, vipandio ishirini na viwili, nikivihesabu.
Hatukuionyesha, nikamwambia.
Kisha, kwa kidole, juu ya chumvi iliyoganda
ubavuni mwa lori la Gillespie, nikamchorea:
hapa aliposimama, hapa kilima,
hapa ule mzunguko.
Akatoa simu, akapiga picha.